Mkonga Ulipita, Noah Ikafuata

Taa za mbele za ile Noah ya abiria zilikuwa bado zinawaka chini ya maji. Hilo ndilo linalonirudia usiku kuliko yote. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake mianga miwili ya njano iliyokuwa inanitazama mimi ikaanza kugeuka, taratibu, mpaka ikawa inatazama kule maji yanakokwenda.

Kwa sekunde mbili tatu hakuna aliyetoa sauti, si ukingo huu wala ule.

Kisha pande zote zikapiga kelele.

Mimi nilikuwa ng'ambo tayari. Nimeshapaki, nimeshashuka, nimeshapigiwa makofi.

Hakuna aliyekufa. Nalisema mapema usije ukasoma huku umeshika moyo. Abiria tisa walitoka wote, na dereva wao, na jogoo mmoja kwenye kikapu. Lakini huu ni mwezi wa pili sasa, na kila nikishika stelingi nakutana na zile taa. Mara tatu nimejaribu kuliandika jambo hili kama makala ya ushauri, namna ya kuvuka korongo kwa gari la foo-wili, linalosukumwa na magurudumu yote manne, na mara zote tatu nimefuta. Ushauri wote ninao. Hata siku ile nilikuwa nao.

## Kijiti cha mzee

Ilikuwa Aprili, tunatoka Engaruka kurudi Mto wa Mbu. Mimi kwenye stelingi ya Land Cruiser yangu yenye mkonga, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda mpaka usawa wa paa; shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, pembeni, na nyuma magunia mawili ya mahindi, mkungu wa ndizi na binti mmoja tuliyempa lifti. Jua linawaka. Waliozoea njia ile wanajua uongo wake: huku chini unakula vumbi, kumbe kule juu, nyanda za Ngorongoro, mvua imenyesha tangu alfajiri na maji yanateremka ukuta wa Bonde la Ufa. Korongo ulilolivuka asubuhi mbuzi wamelala ndani yake, mchana unalikuta mto.

Saa tisa hivi tukafika. Fuso moja imesimama, Noah mbili, bodaboda sita au saba, na watu wamekaa chini ya migunga kama wako msibani. Mzee mmoja wa Kimaasai alikuwa amesimama karibu kabisa na maji, ameegemea fimbo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Ngoja kidogo. Yanashuka haya."

Akanionyesha kijiti alichokichomeka ukingoni. Maji yalikuwa yamekiacha kwa upana wa kiganja. Kisha akainua fimbo kuelekea magharibi. "Jua likigusa ule ukuta, hata mbuzi anapita."

Hiyo ni kama saa mbili.

Sikuwa na mgonjwa kwenye gari. Sikuwa na nyanya za kuoza. Nyumbani nilikuwa nasubiriwa na sufuria za kuosha. Kama mtu angeniuliza pale pale, una haraka gani, ningebaki nimefungua mdomo.

Lakini hakuna aliyeuliza hivyo. Shemeji alisema, "Si tuna mkonga, shemeji?" Na kijana mmoja, dereva wa Noah ya mbele, akaja mpaka dirishani akiwa amejifunga taulo shingoni: "Dada, wewe una mkonga. Tutangulie basi, tuone kina."

Watu wa chini ya migunga wakageuza shingo.

Niwaambie ukweli, kwa kuwa huo ndio ulionifanya nifute makala tatu. Mwanaume akisubiri mbele ya maji, anaitwa mwangalifu, mtu mzima, dereva wa siku nyingi. Mwanamke mwenye Land Cruiser mkonga akisubiri, wanaulizana mumewe yuko wapi. Hakuna aliyelisema hilo. Inawezekana hakuna hata aliyeliwaza. Nililisikia mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe, nikavua viatu.

## Theluthi moja

Kanuni ya kwanza ya kuvuka maji hata mtoto wa Engaruka anaijua: usipoweza kutembea kwa miguu, usipite kwa gari. Unaingia mwenyewe, na fimbo, unapapasa chini kama kuna mchanga mgumu au shimo, unasikiliza mkondo unavyokusukuma miguu. Ukianza kuyumba, umeshapata jibu.

Niliingia. Vifundoni, kwenye muundi, magotini. Chini kulikuwa kugumu, changarawe. Nilipofika kama theluthi ya korongo, maji yakapanda juu ya goti na mguu wa kushoto ukasogezwa. Kidogo tu, kama mtu anayekusukuma kwenye foleni bila kukusudia.

Nikageuka nikarudi.

Nikawaambia, "Pako sawa."

Hapo ndipo nilipokosea, na yaliyofuata yote niliyafanya vizuri kabisa. Nilishuka nikafunga habu za magurudumu ya mbele, kushoto na kulia, maana gari langu ni la zamani na usipozifunga kwa mkono, foo-wili inabaki kuwa jina. Nikaingiza L4, ile foo-wili ya mwendo mdogo na nguvu nyingi. Gia ya pili. Vioo vyote chini, ili kama kuna kutoka tutoke. Nikalegeza mkanda wa feni ili feni isikate maji na kupinda mpaka kwenye rejeta. Nikaingia kwa mwendo wa mtu anayetembea, lile wimbi dogo likajitengeneza mbele ya bampa, nikalifuata bila kulipita. Sikugusa klachi. Sikubadili gia. Macho niliyaweka kwenye mti wa ng'ambo, kwa sababu ukiyatazama maji yanayokimbia, mikono yako inayafuata bila kukuaga.

Katikati, stelingi ikawa nyepesi.

Nimetafuta maneno mengine nikakosa. Stelingi ya Land Cruiser kuukuu ni kazi ya mabega. Ghafla ikawa kama ya gari la kuchezea. Na makalio ya gari yakahama upande, shibiri moja, labda mbili. Shemeji alikuwa anarekodi na simu, hakuona kitu. Binti wa nyuma alishika mkungu wa ndizi.

Sekunde moja. Kisha matairi yakauma tena, injini ikaguna, tukapanda ukingo tukiwa tunamwaga maji kila upande, na watu wakapiga makofi.

Waliona gari limepita. Ile sekunde iko kwenye mikono yangu tu.

## Yule kijana hakupita kwa ujinga

Ninasema hivi kwa sababu wengi niliowasimulia wanaishia kusema "dereva wa Noah naye!" Mimi siwezi. Kijana aliomba aonyeshwe kina, akaonyeshwa. Aliona maji yamefika wapi kwenye mlango wangu. Aliona sikuyumba, kwa sababu kutoka kule aliko, shibiri mbili hazionekani. Kwa ushahidi uliokuwa mbele yake, maji yale yanapitika.

Ushahidi nilimpa mimi.

Noah ilifika mbali kidogo kuliko nilivyodhani. Ilipofika pale stelingi yangu ilipokuwa nyepesi, taa zikageuka. Ikaelea, na nasema ikaelea kwa maana yake halisi, hatua kama ishirini na tano kwenda chini, ikajigonga kwenye fungu la mchanga na mgunga ulioanguka, ikalala upande. Wanaume wa chini ya miti walikuwa wameshaingia kabla sijaelewa kinachotokea. Walishikana mikono, kamba ya turubai la Fuso kiunoni kwa wa mbele, utingo wa Fuso akiwa nanga yao huku juu. Watu walitolewa madirishani mmoja mmoja, mtoto kwanza. Yule mzee alikuwa anatoa amri kwa Kimaa na hakuna aliyehitaji tafsiri.

Walipokwisha kutoka wote, shemeji akataka tuivute Noah pale pale, na akawa ameshapitisha kamba kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela, nyuma ya gari langu. Nikamkatalia kwa ukali ambao baadaye nilimwomba radhi. Ule mpira haukutengenezwa kwa mvuto wa ghafla. Ukikatika unaruka na kamba kama jiwe la kombeo, na umeshaua watu sehemu nyingi duniani, hasa wale waliosimama karibu kutazama. Kamba inafungwa kwenye ndoano iliyoshikwa na chasisi, na kila mtazamaji anakaa mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe.

Na zaidi ya hapo, hatukuwa na haraka tena. Tulikaa.

Jua likagusa ukuta.

Mbuzi walipita.

Sitanii. Kundi zima, na mtoto wa miaka kama minane nyuma yao, maji yakiwafika mbuzi chini ya tumbo. Tukaivuta Noah ikatoka kwa mvuto mmoja. Mzee aling'oa kijiti chake, akakipangusa kwenye shuka, akaondoka nacho.

## Pua si mapafu

Wiki iliyofuata nilipeleka gari kwa fundi wangu Arusha, nikiwa na habari ya kusimulia. Alinisikiliza akiwa chini ya gari. Akafungua nati ya difu la nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, na oili ikatoka nyeupe, nzito, kama uji wa maziwa.

"Mama," akasema bila kutoka chini, "umeweka mkonga puani, huku kwingine umeacha wazi."

Difu linapata moto kwa safari. Ukilitumbukiza ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani inajikunyata, nalo linavuta kutoka popote panapovutika. Lina kibomba chake cha kupumulia, ila changu kilikuwa kimezibwa na vumbi la mwaka mzima, basi likavuta maji kupitia kwenye sili, mipira inayozuia oili isivuje. Dawa yake ni mpira mwembamba wa kurefusha hicho kibomba mpaka juu karibu na injini, jambo la bei ndogo kuliko kumwaga oili mara mbili. Na hata kusimama dakika kumi ukingoni, vitu vipoe kidogo kabla ya kuingia, kungesaidia. Dakika kumi!

Mkonga wenyewe kazi yake ni moja. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni inapanda kubana kitu kisichobanika, na konrodi, mkono unaoshika pistoni, inapinda. Mkonga unainua mahali pa kuvutia hewa. Basi. Hauongezi uzito, haushiki chini, haupunguzi mkondo. Tumelipa gari zima jina la bomba moja, na nadhani jina hilo limetudanganya. Tukiliona bomba tunaona tembo, na tembo anavuka mto.

Foo-wili nayo vivyo hivyo. Inagawa nguvu ya kwenda. Kusimama, magari yote yanasimama kwa magurudumu manne, hata Vitz. Ndiyo maana kwenye mteremko wa matope kinachokushikilia ni gia ndogo na injini kukataa kukimbia, na dereva anayekanyaga klachi pale kwa hofu amemfungulia mbwa wake mwenyewe mlango.

Matope kwa kweli ninayapenda, nikilinganisha. Ule udongo mweusi wa mbuga unajaza matairi mpaka yanakuwa kama maandazi, wewe unazama mpaka ekseli, unatukana, unapunguza upepo wa tairi hadi kama psi 20 ili tairi lirefuke chini na kushika, unachimba, unaweka jeki ya Tanganyika, ile ndefu ya mkono, juu ya kipande cha ubao, unalala hapo hapo ikibidi. Matope yanakuchafua lakini yanakusubiri. Asubuhi gari liko pale pale ulipoliacha.

## Rula ya mwanafunzi

Usiku mmoja nilitoka na futi kamba na tochi nikapima sakafu ya gari langu. Mume wangu alinitazama kupitia dirishani, akarudi kulala.

Mita 4 hivi kwa mita 1.6. Zidisha: mita za mraba 6.4. Maji yakishafika sakafuni, kila sentimita 10 yanayopanda juu ya hapo, kabla hayajaingia ndani, yanachukua nafasi ya lita 640, na lita moja ya maji ni kilo moja. Maana yake yanaliinua gari kwa kilo 640. Sentimita 30 ni kilo 1,920. Gari langu lina tani mbili na ushei.

Sentimita 30. Rula ya mwanangu ya shule.

Milango ya gari langu inavuja, kitu nilichokilalamikia miaka yote, na siku ile huenda ndicho kilichotushika chini. Noah ilikuwa na mipira mizuri ya milango. Ilikuwa kavu ndani, kwa hiyo ikaelea. Sijui nicheke au nilie.

Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwaambia madereva wake kwamba maji yanayokimbia ya futi moja yanatosha kubeba magari mengi madogo, na futi mbili kubeba hata pikapu na magari makubwa ya familia. Na mwendo wa mkondo ukiongezeka mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne. Nilipoisoma hiyo nikakumbuka mguu wangu wa kushoto. Nilikuwa nimeshapimiwa, bure, na chombo kizuri kuliko futi kamba.

Si kwamba hatukuonywa. Desemba 2021, kule Mwingi nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya waendao harusini lilisombwa katika Mto Enziu, wakafa watu zaidi ya 30. Aprili 2024, hapa hapa Arusha mjini, mafuriko ya korongo yalichukua basi dogo la shule likiwa na watoto. Niliyajua yote mawili. Kwenye ule ukingo sikuyakumbuka, kwa sababu yalikuwa mabasi, na mimi nina mkonga.

## Kusubiri

Wiki mbili zilizopita nilipita tena njia ile, peke yangu, nikakuta korongo jingine, upande wa Selela, limejaa. Nikazima injini. Nikachomeka kijiti.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisubiri kwa utulivu. Nilisubiri kwa aibu. Bodaboda moja ilipita ikasukumwa na watu wanne, na mmoja wao aliporudi alinitazama, akatazama mkonga, akasema neno kwa mwenzake wakacheka. Nyuma yangu pikapu moja ilipiga honi mara mbili. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Nilichofanya ni kuwaza wale watu wa zamani wa Engaruka, wenye yale magofu ya mawe na mifereji. Waliishi pale chini ya ukuta kwa karne kadhaa, wakaondoka katika karne ya 18, na muda wote huo walilima kwa maji haya haya yanayoshuka kutoka juu, wakiyapangia njia jiwe kwa jiwe. Sidhani kama walikuwa na neno la kuvuka kwa nguvu. Au labda walikuwa nalo, na vijana wao walisombwa vile vile. Mawe hayasemi.

Saa moja na dakika arobaini. Maji yakaacha kijiti, yakaacha na alama yangu ya pili. Nikavua viatu nikatembea mpaka ng'ambo, yote, nikarudi, ndipo nikawasha gari. Pikapu ikanifuata. Nikatazama kwenye kioo mpaka ilipotoka kabisa majini, na sikuwahi kutazama kioo kwa muda mrefu namna ile.

## Simu

Dereva wa Noah alichukua namba yangu siku ile. Jumapili iliyopita akapiga.

Alikuwa anashukuru. Kwamba kama si mimi na ile kamba, Noah ya watu ingelala korongoni. Kwamba mama yake ameniombea kanisani. Alinibariki mpaka nikaona haya, nikamkatisha.

"Mdogo wangu, nisikilize. Mimi ndiye niliyekuponza. Sikutembea mpaka mwisho. Gari lilihama pale katikati, nikakaa kimya. Ningekupigia honi usiingie."

Akanyamaza kidogo.

"Dada, hata usingepita wewe, ningepita. Nina hesabu ya tajiri, mwenye gari, kila jioni. Nikilala njiani, hesabu hailali. Na yule mwenzangu wa Noah ya nyuma angenitangulia, angechukua abiria wangu wa kurudi."

Nikasema kwamba bado, ningepiga honi.

"Sawa dada. Ungepiga." Alisema kwa upole, kama mtu anayemwachia mwenzake kitu anachokihitaji.

Tukaulizana hali za nyumbani. Noah imeshapona, imebadilishwa viti, ina harufu kidogo. Nikadhani tumemaliza, nikawa naaga.

"Dada, samahani, kabla hujakata. Yule fundi wako wa Arusha. Anaweza kunifungia mkonga kwenye Noah?"